Kambi ya Tatu, Isiyo na ya Kwanza wala ya Pili

Danford Maduhu,
Katibu wa Kamati ya Jina,
Kitongoji cha Kambi ya Tatu (ndilo jina linalolalamikiwa),
Upande wa Sibwesa, Katavi.

Ndugu Mtunza Ramani Mkuu,
Huko huko yaliko makabati ya ramani zote.

YAH: KUOMBA KUTOLEWA KAMBINI BILA KUHAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla ya yote natumaini hujambo, na mafaili yako hayajambo. Sisi huku ni wazima. Mahindi yamebeba vizuri, na wasiwasi wetu mwaka huu ni ngedere na ofisi yako.

Nimechaguliwa kukuandikia kwa sababu mbili. Kwanza, mwandiko wangu unasomeka. Pili, siku ya uchaguzi nilikuwa nimepeleka ng'ombe kunywa maji, na huku kwetu asiyekuwepo kikaoni hurudi akakuta ameshakuwa katibu.

Nikueleze chanzo. Enzi za Mjerumani alipita huku msafiri mmoja akitokea ziwani, anachora ramani. Jina lake silitaji kwa kuwa silijui. Nakala iliyopo ofisi ya kijiji imeliwa na mchwa, nao walianzia kwenye sahihi. Kila alipolala aliandika namba ya kambi. Usiku wa tatu alilala hapa kwetu, akaandika Kambi ya Tatu, akaamka, akaenda zake, na sidhani kama alitukumbuka tena. Mwingereza akaja akanakili. Tulipojitawala tukanakili na sisi. Katika wote hao hakuna aliyeuliza mtu. Sasa tumesikia vijana wako wa upimaji wanakuja baada ya mavuno kuchora ramani mpya, na tunajua watafungua ya zamani kwanza. Kitakachoandikwa safari hii tutazikwa nacho. Kwa hiyo, kwa heshima zote, tunalalamika kama ifuatavyo:

1. Sisi ni wa tatu, lakini hatuna wa kwanza wala wa pili. Tuliunda msafara wa bodaboda kwenda kuwatafuta wenzetu. Mahali ilipopaswa kuwa Kambi ya Pili tulikuta shamba la mihogo la mama mmoja, naye akatuuliza kama tumetumwa na shemeji zake wanaotaka kumnyang'anya. Kambi ya Kwanza hatukufika, pikipiki yangu ilizima. Jambo hili limetuharibu kisaikolojia. Katika ligi ya kata tuliongoza mpaka mechi ya mwisho, halafu tukamaliza wa tatu. Golikipa alijitetea kwamba hakuona faida ya kushindana na ramani. Golikipa huyo ni mimi.

2. Kijito chetu kinaitwa Mto wa Homa. Maji yake ni safi, ukitumbukiza sindano unaiona. Kisa ni kwamba msafiri alilala kando yake akiwa na homa. Homa alikuja nayo mwenyewe, akaondoka nayo, jina akatuachia sisi. Walimu wapya wakipangiwa kwetu husoma ramani, kisha huomba uhamisho kabla hawajafungua mizigo. Na mimi yamenikuta. Nilipokwenda kumposa mke wangu Mariana, baba mkwe, ambaye alikuwa mwalimu wa jiografia, alitandaza ramani mezani, akaweka kidole pale pale, akanitazama kama ndama mwenye homa ya ndigana. Mahari ikapanda. Akasema nyongeza ile ni fidia ya mbu.

3. Kilima kinaitwa Mlima wa Punda, kwa sababu punda wa msafiri alikufa chini yake. Mzee Kasimu, mrina asali wetu, Mkonongo wa kabila la wenyeji wa huku, anasema babu yake aliwahi kusimulia kwamba mpagazi mmoja naye alifia hapo, siku hiyo hiyo. Mpagazi hajapewa hata kichuguu.

4. Hili ndilo zito, na hapa sitanii. Kambi ni mahali pa kulala ukisubiri kuondoka. Sisi Wasukuma tuliokuja na ng'ombe tumekuwa tukiulizwa tangu tulipofika, "Nyie mnahama lini?" Mimi mvi zimeota nikiulizwa. Lakini afadhali mimi. Jirani yangu Bibi Annonciata alikimbia kutoka Burundi akiwa mwanamke kijana, na mimba ya binti yake Odeta tumboni. Amelima hapa mpaka mgongo umepinda. Akapewa uraia wa Tanzania, na cheti chake kipo ndani ya nailoni, nailoni ipo ndani ya debe la unga, ili panya wasije wakamfukuza nchini. Mwaka jana nilimsindikiza Mpanda mjini kufuatilia kitambulisho katika ofisi moja ambayo siitaji. Bwana wa dirishani akamuuliza anaishi wapi. Akajibu, Kambi ya Tatu. Mkono uliokuwa umeshika muhuri ukarudi nyuma, akaambiwa foleni ya wakimbizi ni kule. Bibi akaenda kusimama kule, na kule hapakuwa na dirisha. Mimi nilikuwa na maneno makali ya kumwambia yule bwana, ila yote yalinijia tukiwa kwenye basi la kurudi. Niliumia sana, Ndugu Mtunza Ramani, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

5. Usidhani hatukujaribu wenyewe. Kwa desturi yetu sote, mahali hupewa jina la mtu aliyefyeka pori wa kwanza. Tukaitisha kikao tumtafute. Jean Bosco akasema ni wao waliotoka Burundi, maana pori lisilolimwa ni pori tu. Manyanda, Msukuma mwenzangu, akasema njia zote zilifunguliwa na ng'ombe wake, kwa hiyo jina liwe la fahali wake marehemu. Mzee Kasimu aliwaacha wakachoka, kisha akasema mizinga ya babu yake ilikuwa imening'inia juu ya miti hii wakati huyo msafiri wenu anatetemeka chini yake. Tukamuuliza, sasa babu alipaitaje? Akajibu kwamba babu alipaita nyumbani. Ugomvi ukaanza upya.

Nikaona niokoe amani kwa kupendekeza jina lisiloegemea upande wowote, yaani langu. Ni kweli sikufyeka kitu. Nilipofika palikuwa pameshafyekwa, na nilikaribishwa kwa ugali. Lakini ndiyo maana sina maadui. Kimya kilichofuata nimekiandika kwenye muhtasari kuwa ni makubaliano. Kibao cha "KARIBU KWA MADUHU" nimekwisha kukichora kwa mkono wangu na kukisimamisha njia panda. Kwa sasa mbuzi wanajikunia hapo, na nimewaona baadhi ya wajumbe wakifanya hivyo hivyo.

6. Endapo ofisi yako itaona kubadilisha ni kazi kubwa, basi tunaomba haki itendeke kwa pande zote mbili. Tafuteni mji aliozaliwa yule msafiri. Tumpeleke Jean Bosco alale huko usiku mmoja, apewe penseli. Jean Bosco tumbo humvuruga kila anaposafiri, hata akifika Ilembo tu, hapo jirani. Lolote litakalompata usiku huo liwe ndilo jina la mji ule, na wenyeji waliandike kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, wajukuu na vitukuu. Akipoteza ndala njiani, mto wao mkubwa uitwe Mto wa Ndala. Na asiulizwe na mtu, kwa kuwa yeye hatamuuliza mtu.

Hayo ndiyo tuliyokubaliana, au tuliyonyamazia. Naamini mtu mwenye kifutio kikubwa kama chako hawezi kushindwa na maneno matatu.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na yule anayewapikia chai. Mariana anakusalimu, ingawa anasema barua ni ndefu. Baba mkwe pia angekusalimu kama angejua nakuandikia wewe, maana ramani anaziheshimu kuliko wakwe.

Wako mtiifu, ninayejenga taifa nikiwa bado kambini,

Danford Maduhu,
Katibu asiyekuwepo siku alipochaguliwa.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nilikwenda kumsomea Bibi Annonciata, nikitegemea atalia. Alisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza akaniuliza kama nina wazimu. Akasema alikozaliwa palikuwa na jina zuri sana, la mababu, na alipakimbia na kanga moja. Na njiani kote alikopita palikuwa na majina mazuri, na kote aliambiwa asogee mbele. Hapa penye jina baya ndipo pekee ambapo hajawahi kupakimbia. Hapa ndipo alipomzaa Odeta, na hapa ndipo alipomzika mumewe, Arcade. Akasema kuna wajukuu walioko mbali, hawajawahi kufika, wanachokijua ni kwamba bibi yao yuko Kambi ya Tatu. Siku watakayokuja kulitafuta kaburi lake watauliza jina hilo, na wakiambiwa hakuna mahali kama hapo, watageuza. Kisha akanipa kibakuli cha maharage nimpelekee Mariana, akarudi kwenye ungo wake. Kwa hiyo, Ndugu Mtunza Ramani, naomba ufute yote kuanzia namba moja mpaka sita. Paandike hivyo hivyo, Kambi ya Tatu, na uwaambie vijana wako waandike kwa wino usiofutika.