Namna nilibonyeza pablisite ya Mama Plamedi mpaka akanivalisha peruke

Leo haya imenikula muzima muzima. Munisikilize kwanza.

Mi nasuka nywele ku soko ya Manika. Tangu bafukuze bachimbaji ku mashimo ya madini, bwana yangu naye kati yao, feza imepotea, kichwa cha kusuka kinapatikana kwa bahati. Na hivyo bichwa bichache bilivyobaki, Mama Plamedi anabikamata byote! Anauza peruke, nywele za bandia, ku meza ya mbele yangu, na analipia pablisite, matangazo yake, ku telefone.

Juzi mutu akaniambia: kila mara pablisite inabonyezwa, inamukata feza Mama Plamedi mwenyewe. Feza ikiisha, pablisite inazimika.

Eh! (Shetani ana sauti tamu sana.)

Asubuhi, mutoto ananyonya, mi nikaanza. Bonyeza. Bonyeza. Kila mara unafunguka ujumbe wa kumutumia, ulioandikwa tayari: "Bonjour mama, nataka hii peruke." Nikawaza, bila kutuma haihesabiwe. Nikatuma. Kidole kikachoka, nikaingiza cha pili. (Jina langu na foto yangu pale juu! Na mi mutu wa kusoma, diplome yangu iko ku ukuta!)

Muchana, Mama Plamedi anatoka ku meza yake. Nyuma yake bamama ba korali ya kanisa, banaimba! Nikajua ni vita. Nikafunga mutoto ku mugongo.

"Mama Exaucé, mbona hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kama unateseka hivi! Tangu asubuhi unaniomba peruke kama mutu wa njaa. Nikabaambia bamama: bwana yake bamemufukuza ku mashimo, dada yetu amekosa hata cha kuvaa ku kichwa. Tukachanga, peruke yako hii hapa."

Mbele ya mteja wangu! Nilikuwa nimemusuka nusu.

"Mi sitaki!"

"Ni haya tu inamushika," mama mumoja wa korali akasema. "Mungu anakupenda. Inamisha kichwa."

Kama sikuitaka, nilikuwa nabonyeza juu ya nini? Nikainama. Ikanikaa vizuri, ile mushenzi! Mama Plamedi akapiga foto. Mteja wangu akamuuliza: "Na nyeusi iko?" Mteja akaenda naye, kichwa kimesukwa nusu.

Sasa hivi nafungua telefone. Pablisite mupya! Ni mi, nimekunja uso, peruke ku kichwa. Chini bameandika: "Hata basusi banavaa yetu."

Mukiiona, tafadhali, musicheke. Mubonyeze tu.

Lakini musitume kitu!