Mwalimu Gia na Ndege ya Mkia Chini

"Kitu chochote chenye magurudumu, mimi nikikitazama tu, kinatii!"

Maneno hayo ni ya Mwalimu Gia, mkuu, mmiliki na mwalimu pekee wa shule ya udereva yenye gari moja. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kiti cha pembeni, rula mkononi, akiwafokea watu mpaka wakajua kuendesha au wakajua kulia. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake. Nusu nyingine, alisema, ndiyo inayosababisha ajali.

Alijigamba hivyo nyumbani kwa wakwe, kwenye chakula cha mchana, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Shemeji yake, daktari wa meno, mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu, alikuwa ametaja ndege moja kuukuu aliyoiona kwenye klabu ya urubani nje ya mji. Wanasema ni ngumu sana kujifunza, alisema.

"Ngumu kwa nani?" Mwalimu Gia akaweka kijiko chini. "Ndege ni nini, shemeji? Ni gari lililoota mbawa!"

Mamamkwe akaacha kutafuna. "Kwa hiyo utairusha, baba?"

Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Lilikuwa somo lake la kwanza la pedali, ila hakulielewa.

"Mama, nipe miezi mitatu tu. Mtakuja wote mnione natua kama unyoya!"

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno likishaingia sikioni mwa mamamkwe halitoki hata kwa dawa.

Jumatatu yake akaenda klabuni. Palikuwa na uwanja wa nyasi, banda la mabati, na ndege mbili mpya zilizosimama kwa adabu juu ya magurudumu yao matatu. Kando yao ilikuwepo ile kuukuu. Ya manjano, mwili wake wa kitambaa kilichopakwa rangi, umri wake umemzidi hata mamamkwe. Magurudumu makubwa mawili yalikuwa mbele, na kigurudumu kimoja, kidogo kama kitumbua cha mpira, kilikuwa nyuma kabisa mkiani. Kwa hiyo mkia ulikaa chini na pua ikaelekea juu, kama mtu wa hadhi aliyesikia harufu ya jirani.

"Hii hii!" akasema Mwalimu Gia. "Zile nyingine ni za watoto."

"Umechagua vizuri, Mwalimu," ikasema sauti nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani shingoni, wote wakimwita Kapteni.

"Hunikumbuki," akasema Kapteni. "Miaka kumi na tano iliyopita ulinifundisha gari. Uliniita Konokono. Nilipofeli mara ya tatu ukaniambia hata toroli la sokoni nisiliguse, nitaua mtu."

Mwalimu Gia alijisikia kama aliyemeza rula yake. Yule wa mkia darasani, leo ndiye anayefundisha mambo ya mkia!

"Kumbe... ni wewe," akasema. "Basi unaona, nilikuwa nakupa moyo."

"Ulinipa kweli. Panda."

Viti vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine. Kapteni alikaa mbele, Mwalimu Gia nyuma, na tangu siku ile mandhari yake ya urubani ikawa kisogo cha Kapteni. Zaidi ya kisogo hicho iliinuka pua ya ndege, na zaidi ya pua hiyo, mbingu.

"Kapteni, sioni mbele!"

"Ikiwa chini hakuna anayeona mbele. Ipeleke kwa kupindapinda, uchungulie pembeni."

"Usukani uko wapi?"

"Hakuna usukani. Kuna fimbo, na ukiwa chini fimbo haikugeuzi. Unageuza kwa miguu."

Jamani! Miguu ya Mwalimu Gia ilikuwa na elimu yake ya miaka ishirini na miwili. Mguu wa kulia ulijua mafuta. Wa kushoto ulijua klachi. Basi injini ilipowaka akataka kuongeza mwendo, akakanyaga kulia. Ndege ikageuka kulia. Akashtuka, akataka kubadili gia, akakanyaga kushoto. Ikageuka kushoto. Akaongeza mafuta, ikaenda kulia. Akabadili gia, ikaenda kushoto. Wakavuka uwanja kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba isiyo yake, mpaka wakamfikia fundi wa klabu aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akinywa chai. Fundi aliacha ndoo, akaacha chai, akaacha na kiatu kimoja.

Kapteni akazima injini. Mwalimu Gia akajikunyata akisubiri kufokewa, maana yeye angefoka hadi mabati ya banda yang'oke.

"Tutajaribu tena," akasema Kapteni.

Hivyo tu! Ilimuuma kuliko matusi.

Wiki zikapita. Alijifunza kwamba ndege ile uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ikiwa chini mkia hautosheki na kufuata, unataka kupita mbele. Ukizubaa kidogo, unapita. Ni kama kusukuma toroli kinyumenyume kwa kasi, huku ukiwa umefunikwa macho.

Kutua nako! Siku ya kwanza waligusa nyasi, wakadunda, wakagusa, wakadunda, meno ya Mwalimu Gia yakagongana mpaka akamkumbuka shemeji yake.

"Umetua mara tano," akasema Kapteni waliposimama. "Moja ingetosha."

Nyumbani mkewe alimkuta sebuleni kwenye kiti, macho amefumba, fimbo ya ufagio katikati ya magoti, akikanyaga ndala mbili, moja huku, moja kule.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Natua."

Mkewe akamtazama. Hakucheka. Akazisogeza zile ndala zikae sawa, akaenda zake jikoni. Huko ndiko alikochekea.

Siku moja baada ya somo, Mwalimu Gia alishindwa kuvumilia. "Kapteni, mbona hunifokei? Nifokee basi, nijue moja!"

"Wewe ulinifokea. Unajua nilijifunza nini?"

"Nini?"

"Kuogopa magari. Ndiyo maana nikaja huku, ambako hayapo."

Mwalimu Gia akafungua mkanda wa kiti, akaufunga, akaufungua tena. "Nilikukosea, Kapteni," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua kama anayo.

"Haya. Kesho njoo mapema, upepo ukiwa bado mtulivu."

Na ajabu ni kwamba tangu siku hiyo miguu yake ikaanza kusikia. Madundo yakapungua kutoka matano hadi mawili, kutoka mawili hadi kadundo kamoja ka heshima. Miezi mitatu ilipokwisha Kapteni akamwambia: "Jumamosi utaruka peke yako. Mzunguko mmoja, utue, urudi. Usimwambie mtu. Watazamaji huharibu wanafunzi."

Hakumwambia mtu. Aliwaambia watu kumi na wawili.

Jumamosi wakwe wakaja na magari matatu, miavuli, viti vya kukunja, na mamamkwe mbele yao na miwani ya jua iliyofunika nusu ya uso.

"Hawa ni kina nani?" Kapteni akauliza.

"Wapita njia."

"Wapita njia wenye viti?"

Mwalimu Gia akajifanya anakagua gurudumu. Kapteni aliwatazama wale watu, akaitazama bendera ya upepo ikining'inia kwa utulivu, akahema. "Nenda. Ila macho yako yawe kwenye ndege, si kwa wapita njia."

Akaondoka. Mguu wa kulia, kidogo, kidogo, mkia ukainuka, nyasi zikawa michirizi, kisha hakukuwa na nyasi tena!

Huko juu kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hakuna kisogo. Aliuona mji wake wote, barabara zake zote alizozijaza kelele, zimekuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Hapakuwa na wa kufokewa, wala wa kumfokea yeye. Machozi yakamtoka, akasingizia upepo, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Kisha akarudi. Akapunguza injini, akavuta fimbo taratibu, akasubiri, akasubiri tena... na magurudumu yote matatu yakagusa nyasi kwa pamoja, bila dundo hata moja. Kama unyoya! Hata panya shimoni hakugeuka upande wa pili.

"Nimeweza!" akapiga kelele.

Pembeni akamwona mamamkwe amesimama, anapunga leso. Mkwe gani asiyejibu salamu? Mwalimu Gia akafungua dirisha, akatoa mkono wote nje, akapunga. Kwa furaha akanyoosha na miguu, kama mtu aliyefika kwake.

Ndege ilikuwa bado inakimbia.

Mkia ukaona nafasi. Ukapita! Ndege ikazunguka mara moja na nusu, nyasi zikiruka, vumbi likipanda, mbingu na banda vikipeana zamu mbele ya macho yake, ikaingia kinyumenyume kwenye mtaro wa maji ya mvua, ikakaa. Bawa moja likaegemea chini kama kiwiko cha mzee kibarazani. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Halafu makofi! Wakwe wote wakaja mbio wakipiga makofi. Kapteni alifika wa kwanza.

"Umeumia?"

"Hapana."

Fundi akazunguka bawa, akapapasa kitambaa kilichochanika. "Kiraka," akasema. Akamtazama Mwalimu Gia. "Viraka."

Mamamkwe akafika akihema. "Baba! Wenzako hutua wakasimama tu. Wewe umetua ukacheza! Ule mzunguko wa mwisho unaitwaje?"

Mwalimu Gia akamtazama Kapteni. Kapteni akatazama mawingu.

"Ule, mama..." Akakohoa. "Ule ni mtindo. Si kila mtu anauweza."

"Basi sogea nipande. Unizungushe vilevile."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Shika mkoba wangu, binti yangu."

Mkewe akaupokea mkoba. Daktari wa meno akatoa simu, akaanza kupiga picha. Mamamkwe tayari alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kipandio na mkono mmoja kwenye dirisha la mbele. Jasho likamshuka Mwalimu Gia hadi kwenye soksi.

"Mama, shuka. Si mtindo."

"Ni nini?"

"Imenishinda."

"Sijasikia, baba. Masikio ya uzee haya."

"IMENISHINDA, MAMA! Nilikuwa nakupungia mkono!"

Mamamkwe akavua miwani. Macho yake yalikuwa yanacheka yote mawili. "Najua. Marehemu mume wangu aliendesha trekta miaka thelathini. Kitu kilichoingia mtaroni kwa makusudi nakijua, na kilichoingia bila kukusudia nakijua. Lakini umetua vizuri, mwanangu. Mpaka pale ulipoanza kusalimia."

Fundi akasema trekta la klabu limeharibika, kwa hiyo ndege itatolewa kwa mikono. Hapo wakwe wakajipanga: shemeji kwenye bawa, mashangazi wawili kwenye mkia, wajomba kwenye magurudumu, viatu vya heshima ndani ya tope. Mwalimu Gia akaona aibu ya mkwe kusukumwa na wakwe zake haibebeki. Akafungua mlango haraka, akatoa mguu nje ashuke kusaidia, na kishikio cha mlango kikabaki mkononi mwake.

"Mkwe wangu," akasema mamamkwe, mabega tayari yako kwenye ndege, "rudi ukae. Ukishuka utaharibu kingine."