Vita vya Beseni, Siku ya Thelathini na Tisa

Sogeeni, enyi watu wa Gazi na Msambweni, nanyi mlioko mbali hadi Kombani. Wekeni vikombe chini mpate habari ya vita vikuu vilivyopiganwa uani kwangu, baina ya beseni la plastiki na mwanamume mzima mwenye ndevu. Nami nikiri mapema, msije mkasikia kwa wengine: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, Sufyan, Bwana wa Kitalu, Mlezi wa Mikoko Elfu Mbili.

Siku thelathini na tisa zilikuwa zimepita tangu mke wangu Nusra ajifungue Sumaiya, binti yetu wa kwanza, nami sikuwa nimempakata hata mara moja. Adhana nilimsomea sikioni, naam, ila akiwa mikononi mwa nyanyake. Kila nilipoambiwa, "Haya, mshike," nilijibu kama jemadari: "Bamvua likipita!" Kwani kazi ya kupanda mikoko hufuata maji, na wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa wingi wake, nani atamlaumu mtu wa kitalu? Bamvua la kwanza likapita. Likapita la pili. La tatu lilipoisha, nikaugua homa.

Homa hiyo ilikuwa ya ajabu. Usingizi hauji, chakula hakipiti, moyo wadunda kama ngoma ya arusi kila mtoto apigapo chafya. Mara tatu nilipimwa malaria, mara tatu haikuonekana, na mara tatu nilirejea nyumbani nikitangaza kwamba malaria ya siku hizi ina ujanja wa kujificha.

Asubuhi ya siku hiyo mwenzangu kitaluni, Mwero, baba wa watoto watano, alinikuta nimechutama katikati ya miche, machozi yananichuruzika.

"Ewe Sufyan," akanena, "waililia mikoko?"

"Naogopa, Mwero." Neno hilo likatoka lenyewe, kama mtu aliyefungiwa chooni akavunja mlango. "Nitamwangusha. Kesho arobaini yaisha, mama mkwe yuarudi kwao Kikoneni, tutabaki watatu, na mmoja katika hao watatu hafai kitu."

Mwero hakucheka, jambo ambalo historia yake haijapata kulishuhudia. Akaketi matopeni kando yangu.

"Mimi kwa wangu wa kwanza nilijificha humu mikokoni siku nane, nikasema natafuta kaa. Sikurudi hata na mmoja. Mke wangu yuanicheka mpaka leo. Nenda nyumbani, bwana. Ukitetemeka, tetemeka ukiwa umeketi chini."

Basi nikaondoka, jeshi la mtu mmoja, mabuti yananilia majimaji njia nzima. Uani nikamkuta mama mkwe wangu, Bi Maimuna, Simba Jike wa Kikoneni, ameshakoroga maji ya vuguvugu ya mtoto katika beseni la plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Homa je?"

"Ipo. Lakini leo nimekuja kumuogesha mimi."

Nusra akatokeza mlangoni, nywele hazijachanwa, macho mekundu ya kukesha peke yake. "Bamvua limepita?" akauliza.

"Vua hayo mabuti," akaamuru Bi Maimuna. "Keti. Nyosha miguu."

Kwani kwao Bi Maimuna mtoto hatiwi ndani ya beseni. Hulazwa juu ya miundi ya mwogeshaji, akamwagiwa maji kidogo kidogo. Nikanyosha miguu. Akalazwa binti yangu, mwororo, ateleza kwa mafuta ya nazi, mzito kuliko nilivyomdhania.

"Kichwa. Kichwa kwanza! Kiganja chini ya shingo. Si hivyo, wamkaba. Ehe."

Nikalikumbuka neno la Mwero, nikajibana chini. Kata ya kwanza ya maji ikamwagika, na Sumaiya akapiga ukelele uliowatimua kuku watatu wa jirani. Nikataka kukimbia, lakini mtu atakimbiaje na mtoto yuko juu ya miguu yake? Kata ya pili. Ya tatu. Ndipo adui akatumia silaha yake ya siri: akanikojolea, moto moto, kikoi kizima, hadi mapajani.

Sikumwangusha!

Nikacheka, mara ya kwanza kwa siku thelathini na tisa. Nusra naye akacheka, kisha akakaa kizingitini akalia kidogo. Nikamfunga binti yangu ndani ya leso, nikamwinua, nikahutubia ua: "Shuhudieni, enyi kuku na majirani! Leo Sufyan ameogesha, na mwogeshwa yu hai!"

Mchana nikala sahani mbili za wali, Sumaiya amelala kifuani pangu.

"Naona hofu imekutoka," akasema Nusra.

"Hofu? La hasha!" nikanena, kidevu juu. "Mama, wewe ni shahidi. Ile ilikuwa homa, homa kamili, nayo leo imepona."

Bi Maimuna akaendelea kukunja leso zake za safari.

"Homa gani hiyo, mwanangu, yenye kupona kwa kukojolewa?"