Tope la Skuli Yenu Limeingia Posani

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi Riyama,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima wa afya, pamoja na wote waliobaki safi hapo skulini.

Mimi ni babu yake Yusra wa darasa la wadogo. Nakuomba, kwa heshima zote, urudishe saruji mliyoing'oa uani mkatia udongo, magogo, migomba na shimo la maji, ili watoto wajifunze kwa kucheza na maumbile. Sababu zangu ni hizi:

1. Zamani Yusra akirudi skuli alikaa kitini kimya, na majirani wote wa Mji Mkongwe wakamsifu. Sasa anarudi na tope hadi masikioni, ananiuliza siafu hulala wakati gani. Nimestaafu kazi ya serikali. Sijazoea kuulizwa nisilolijua ndani ya nyumba yangu.

2. Kofia yangu ya kiua, iliyoshonwa kwa mkono, nimeikuta ina konokono. Nilipoidai, niliambiwa nisubiri waamke.

3. Hili ndilo lililonitoa machozi. Ijumaa iliyopita walikuja wazee kumposa binti yangu Amne. Mke wangu, Bi Saadiya, alikuwa jikoni akitia kahawa, Yusra akaingia na sinia. Juu ya jani la mgomba alipanga vipande vyeusi, laini, vinang'aa. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Msabah, alichukua kimoja akatia kinywani. Akatafuna. Kisha akasema, "Mashaallah, halua hii si ya dukani."

Ungefanya nini, Bi Mwalimu? Kumwambia mgeni kwamba amekula tope la skuli ni kumwaibisha. Wenziwe walipoona mkubwa wao amekula, nao wakala. Nami nikala, maana mwenye nyumba hawaachi wageni wake wale peke yao.

Waliahidi kurudi kupanga siku ya harusi. Tangu hapo, kimya. Amne hasemi nami. Naogopa, nasema kweli, posa ya mwanangu itavunjika kwa ajili ya shimo lenu.

4. Ikiwa saruji imekuwa adimu, basi tope litiwe rangi ya buluu, lisifanane na chakula cha heshima.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa langoni, na fundi aliyechimba shimo, ingawa simwombei kazi nyingine.

Wako mwenye masikitiko,
Talib Kheir

Baada ya kutia saini: Mjumbe wao ametoka hapa sasa hivi. Wanakuja Alkhamisi kupanga harusi. Mzee Msabah anaomba aandaliwe halua ileile. Anasema hajaila tangu alipokuwa mtoto, na ya safari hii mchanga upunguzwe kidogo. Kwa hivyo shimo lisiguswe. Yusra amekubali kunifundisha, ila anashikilia kwamba nyumbani haipikiki. Kesho nitakuja naye. Naomba niwekewe kifuu cha kufinyangia tope, changu mwenyewe.