Ufalme Wangu Usio na Chuma

Leo nimejianika mchana kweupe, mbele ya watu thelathini na mmoja. Wale thelathini nimeshawasamehe. Yule mmoja alikuwa Papa, baba yangu mzazi.

Msinipigie simu. Naandika hapa mara moja ili nisirudie kueleza kila nikikutana na mtu, maana najua Patient, mwenyekiti wa klabu yetu ya wasomaji, ameshaanza kusambaza.

Wengi mnanijua kama fundi wa nguo, hapa Kadutu. Msichojua ni kwamba miaka sita sasa naandika kitabu. Ni hadithi ya ufalme wa kubuni, juu ya milima ya kubuni, wenye miungu wagomvi na mvua inayosema. Papa anajua, kwa sababu anaishi kwangu tangu Mama atutoke. Aliendesha malori miaka thelathini, anajua kila shimo la barabara ya Bunyakiri, na kwake kazi ni kitu kinachochafua mikono. Kushona anakubali. Kuandika anakuita kumaliza bic, yaani kupoteza wino wa kalamu bure. Mteja akija wakati naandika, Papa humjibu pale mlangoni, kwa sauti ya kunifikia: "Ingia tu. Iko mule ndani, anamaliza bic." Miaka sita!

Kwa hiyo klabu iliponipa asubuhi ya leo kusoma sura ya kwanza, katika ukumbi wa parokia, nilimwomba Papa aje. Nilitaka jambo moja tu: aseme, hata mara moja, kwamba hii nayo ni kazi. Akakubali. Akavaa koti lake la misa. Hapo ndipo nilipaswa kuogopa.

Sasa niwaeleze kidogo ile dunia yangu, maana ndimo nilimojichimbia shimo. (Kwa jembe, kama mtakavyoona.)

Msomaji wa siku hizi si mjinga. Ukimwambia ufalme umekaa miaka elfu moja na mikuki ya miti, atakuuliza kwa nini. Watu wana akili na miaka elfu ni mingi, mbona hawakuvumbua bunduki? Mbona hakuna gari? Lazima kuwe na kitu kinachowazuia, na kitu hicho kiaminike. Mwandishi mvivu atasema ni uchawi, atapita. Mimi si mvivu. Nilikaa na swali hilo mwaka mzima, nikapata jibu: chuma.

Milima ya Ngoro haina chuma. Miungu waligombana, mmoja akakasirika, akakinyonya chote kutoka udongoni na kuondoka nacho. Bila chuma, hakuna bunduki. Hakuna injini. Hakuna hata msumari! Na ili mtu asije akaniambia wangenunua kwa majirani, milima niliifunga. Miaka elfu hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Yote haya niliyachora kwenye karatasi kubwa kwa marker za rangi tatu, nikaibandika ukutani mbele ya watu. (Ndiyo. Nilibandika ushahidi mwenyewe.)

Nikasoma. Nilianzia juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Nikasoma jinsi binti Zawira alivyoamka, akachukua jembe lake, akashuka shambani kabla ya jua. Nikasoma mpaka anapokutana na mvua inayosema. Walipiga makofi. Papa hakupiga, ila alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, kama anavyofanya akisikiliza injini ya mtu.

Maswali yakaanza. Patient, ambaye hawezi kuruka nafasi ya kumkamata mtu, akauliza:

"Bon. Na shaba? Bangeweza kutumia shaba."

"Shaba ipo kidogo sana," nikamjibu. "Inatosha vikuku vya malkia tu."

"Na bale majirani?"

Nilielekeza kidole kwenye karatasi ukutani, pale pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba milima imefungwa. Watu wakasema "Aaaah!" Nikamwangalia Papa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu! Nilijiona nimefika.

Halafu Papa akanyanyua mkono. Akasimama kabisa, kofia mkononi, kama mtu mbele ya hakimu.

"Pardon. Mi niko na swali moja tu. Mu kitabu yako, huyu binti anakamata jembe asubuhi. Ile jembe, balitoa wapi?"

Nikatabasamu. Kweli nilitabasamu. Nilidhani hajaelewa.

"Papa, ni jembe tu. La kulimia."

"Naelewa iko ya kulima. Lakini umesema chuma haiko. Basi ile jembe balitoa wapi?"

Jamani. Naomba mnielewe. Miaka sita niliwinda chuma ndani ya kile kitabu. Niliondoa mapanga. Niliondoa sufuria, nikaweka vyungu. Jembe sikuliona. Kwetu jembe si kitu alichovumbua mtu, jembe ni kama mkono. Bibi zetu waliolewa kwa ng'ombe na majembe. Ukitaka kumwamsha mwanamke asubuhi ndani ya hadithi, unampa jembe, basi, amekwisha kuamka. Watu thelathini walisikia sentensi ile na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wote ni watu wa huku.

Ningesema tu, "Asante Papa, nimekosea." Ningekuwa nimepona. Badala yake nikadanganya.

"Ni jembe la mbao, Papa. Mbao ngumu sana."

Patient alikuwa na fotokopi ya sura hiyo mkononi. Nilimwona anavyofungua ukurasa wa pili. Nilimwona anavyofurahi. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama padri:

"'Jembe la Zawira liligonga jiwe, likatoa cheche.'"

Cheche!

Ukumbi ulipasuka. Na kicheko kingekuwa kimoja ningevumilia, lakini sasa kila mtu aliinama kwenye fotokopi yake kutafuta chuma. Maman Béatrice, anayeuza samaki wadogo wa sambaza, ambaye tangu klabu ianze hajawahi kusema neno, leo ndiye aliyeongoza:

"Page ya ine! Mbuzi iko na kengele!"

"Mulango ya mufalme iko na kufuli!" mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Na huyu bwana arusi, balimunyoa na nini?"

Kisha Maman Béatrice akainua macho, akaniangalia kwa huruma, ndiyo iliyoniua zaidi.

"Na rinda ya Zawira, fundi? Balishona na sindano gani?"

Mimi! Ninayekula kwa sindano kila siku ya Mungu!

"Mifupa," nikasema. "Sindano za mifupa." (Hilo kwa kweli linawezekana. Lakini nani alikuwa bado ananisikiliza?)

Papa alikuwa bado amesimama. Hakucheka. Alikuwa anageuka huku na huku, anawaangalia watu kama mtu aliyegusa swichi ndogo na mtambo mzima ukawaka. Nilisoma midomo yake kuliko kumsikia: "Mi sikuuliza juu bantu bacheke." Akakaa chini. Mimi nikabandua karatasi yangu ukutani. Kipande chenye neno MILIMA kilibaki kimeganda na gundi, nikakiacha.

Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Nilikuwa na hasira naye, na aibu ya kuwa na hasira na mzee wa miaka sabini na nne aliyenisikiliza kuliko watu wote ukumbini. Mvua ikatushika njiani. Tukajibanza chini ya bati la mama mmoja anayeuza vifaa: misumari, ndoo, na majembe mapya ya kiwandani yamepangwa ukutani, yamepakwa rangi nyekundu. (Siku ikiamua kukucheka haikuachi hata kwenye mvua.)

Papa alichukua jembe moja. Akaligonga kwa ukucha, akaweka sikio.

"Papa, unauza?" akauliza yule mama, yaani kama ananunua.

"Hapana, maman. Naisalimia tu." Akalirudisha. Halafu, bila kuniangalia, akasema: "Hii inalia mubaya. Ya baba yangu ilikuwa inalia muzuri."

"Jembe la baba yako?"

"Ye njo alikuwa anatengeneza. Kule mu kijiji, juu ya Katana. Si kununua chuma, hapana. Alikuwa anajua jiwe yenye iko na chuma ndani. Wewe unaangalia kilima, unaona majani. Ye anaona jembe."

Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na tatu. Najua anavyopenda chai, najua jina la kila lori alilowahi kuendesha. Hili sikuwahi kulisikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Haukuuliza. Ulikuwa unaandika."

Nilistahili.

"Alitaka kunifundisha," akaendelea. "Mi nilikuwa na miaka kumi na ine. Mi nilitaka lori. Siku moja lori ilipita, nikapanda. Alibakia peke yake na moto yake. Njo akakufa, na hakuna mutu alikamata ile mivukuto ya kupuliza. Ngozi yake panya balikula."

Sasa mimi, mwandishi hodari, mtafiti, nikaona bahati. Nikatoa bic yangu pale pale mvuani. "Papa, jiwe lenyewe ni la rangi gani? Walilipasha moto kwa makaa ya mti gani?"

Akafungua mdomo haraka, kama mtu mwenye jibu.

"Nyekundu," akasema. Akafikiri. "Ao nyeusi. Na makaa iko ya muti fulani hivi, ya..." Mkono wake ulichora kitu hewani, ukarudi chini. "Sijui, Nabintu. Sijui kabisa."

Niliumia jamani. Mbele ya watu thelathini sikuumia vile. Macho yake yalikuwa yanatafuta kitu kwenye ule ukuta wa majembe mekundu, na kitu chenyewe hakikuwepo, wala hakuna mtu aliyebaki wa kumuuliza.

"Wewe umeita miungu juu ya kumaliza chuma," akasema mwishoni. "Miungu ya nini? Mutoto moja anapanda lori, inaisha. Na mulima haikufungwa. Barabara ilikuwa wazi."

Mwaka mzima nilitafuta kizuizi kinachoaminika. Kilikuwa kinakunywa chai nyumbani kwangu kila asubuhi.

Mvua ilipopungua tukapanda. Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba ninamoandikia, nijifungie nilie kidogo. Mlango wake haukai, upepo unaubamiza, kwa hiyo tangu nianze kitabu nauegemeza na kile kichuma kilichokuwa kwenye vitu vya Mama. Papa alikuwa nyuma yangu. Akainama, akakiokota, akakifuta kwenye koti lake la misa.

"Ile njo ya mwisho alitengeneza," akasema. "Mama yako alilima nayo mpaka ikabakia vile."

Kilikuwa kimelika hadi ukubwa wa kijiko cha kupakulia ugali, lakini tundu la mpini bado lilionekana. Miaka sita nimekaa naandika ulimwengu usio na chuma, na mlango wangu umeshikiliwa na jembe. Papa akakigonga kwa ukucha. Nikasikia. Kweli, kinalia vizuri.

Nimefuta sura ya kwanza yote. Miungu nimewafukuza, milima nimeifungua. Sasa inaanza na kijana wa miaka kumi na minne, mwana wa mhunzi wa mwisho, amesimama kando ya njia alfajiri, anangoja msafara wa wafanyabiashara upite ili apande gari lao la ng'ombe. Nyuma yake, juu kilimani, moshi wa baba yake unaonekana. Hageuki.

Saa kumi jioni nilimsomea Papa aya hiyo. Nilisoma haraka, macho chini, nikiogopa atajitambua. Alinisikiliza hadi mwisho, kile kichuma kimelala mapajani mwake.

"Umupe koti," akasema. "Ile asubuhi ilikuwa baridi."

Nikarudi mezani kumpa koti. Ndipo nikasikia hodi, na sauti ya mteja wangu aliyefuata rinda lake. Nikaweka bic chini, nikingoja lile jibu la kila siku. Papa akafungua mlango, akamwambia:

"Urudie kesho, maman. Nabintu iko kazini."

"Kazini? Mbona sisikie mashini?"

"Iko kazi ingine," akasema Papa, akafunga.

Basi, chekeni, nimewaruhusu. Kijana ana koti. Vifungo nimeweka vya mbao, maana nimeshashika adabu.