Nafuna, 1981 –

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Balaa. Nafuna, Mama Chapo wetu, anahama! Ameniambia leo asubuhi huku akigeuza chapati, kana kwamba ananiambia bei ya nyanya. Kaka yake amempatia chumba cha duka kwao Kimilili. Mwisho wa mwezi anakunja meza yake hapa Kiuu na kwenda zake. Nikamuuliza kama hakuna cha kumzuia. Akanitazama kidogo, akasema, "Mimi sijaambiwa kitu, Baba Kui." Nikamjibu safari njema. Safari njema! Mjinga wa mwisho mimi.

Miaka miwili nampenda. Miaka miwili ya chapati tatu kila asubuhi, na tumbo langu linataka mbili. Kazi yangu ni kupiga picha mazishini, kuanzia Ruiru hadi Kalimoni. Nimesikia wanaume wakiwaambia wake zao maneno matamu ajabu, ila wakati wake hao hawasikii tena. Mimi mdomo hukauka. Tangu Mama Kui atutoke, miaka tisa sasa, sijamwambia mwanamke neno la maana zaidi ya inua kidevu.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Mungu si Athumani! Chuo kikuu kilicho karibu na Kahawa Sukari kina maonyesho ya picha katika ukumbi wake wa sanaa. Nyuso za Barabara Kuu, ndivyo yanavyoitwa. Msimamizi, Madam Emmah, anatafuta wapiga picha wa mitaani. Mpango umekuja wenyewe. Nitatundika picha ya Nafuna pale. Atakuja, atajiona vile ninavyomwona mimi, na haja ya kusema itakuwa imekwisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nimempiga picha leo hii. Nikamdanganya kuwa najaribu lenzi. Alikuwa anacheka, unga kwenye paji la uso. Sijawahi kupiga picha nzuri hivyo.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nina adui. Anaitwa Calvince, mwanafunzi, ndevu nyingi. Picha yake ni ya kiti. Kiti cha plastiki, cheupe, kitupu, katikati ya uwanja! Ameipa jina Kutokuwepo. Madam Emmah aliitazama hadi akavua miwani. Nikamuuliza Calvince mwenye kiti alikuwa ameenda wapi. Akasema hilo ndilo swali lenyewe. Watu wengine wanaishi raha.

Nikaona picha yangu inahitaji kuongezwa nguvu. Nimeketi kwenye kompyuta mchana kutwa. Nimefuta mabati na sufuria ya madondo, yale maharagwe yake, nimeweka mawingu. Mawingu yangu yanajulikana hadi Thika. Halafu njiwa wawili juu yake, weupe pe. Katika miaka kumi na minne sijapata hata mteja mmoja wa kuyalalamikia mawingu hayo. Fremu ni ya rangi ya dhahabu, kubwa, mlangoni ilipita kwa ubavu.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Tumetundika. Madam Emmah aliniuliza kama mawingu ni kejeli. Nikasema ndiyo. Akafurahi sana, nami sijui nimekejeli nini. Akaniambia kwenye kibandiko niandike jina na mwaka. Nikaandika: Nafuna, 1981 –. Mwaka niliuona alipokuja studioni kwangu kutoa kopi ya kitambulisho. Wa pili hana, yu hai, Mungu ashukuriwe, kwa hivyo nikaacha nafasi.

Amewekwa karibu na kiti cha Calvince. Chini yake kuna meza ndogo yenye kitambaa cheupe, maua, na kitabu cha wageni kuandika majina. Pamependeza mno. Nilijihisi niko kazini.

Nikamwambia Nafuna aje Jumamosi saa tisa, avae lile rinda la buluu. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna jambo. Akatabasamu, akasema atapitia Thika kwanza kuchukua unga. Alitabasamu!

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Nilifika saa nne. Absalom, binamu yake Nafuna ambaye ni askari wa lango la chuo, alikuwa amesimama mbele ya picha, kofia mkononi, machozi tiririri. Nikajiambia, hii ndiyo sanaa! Nikampigapiga bega. Akaniuliza mbona sikumwambia mapema. Nikamwambia nilitaka iwe ya kushtukiza. Akalia zaidi.

Saa sita wakaja akina mama wa Kiuu, leso mabegani, wamebeba sukari na majani ya chai. Sikujua watu wa kwetu wanapenda maonyesho kiasi hicho. Muigai wa bucha akavua kofia. Wote waliandika kitabuni, tena si jina tu, mistari na mistari. Kwenye kiti cha Calvince hakusimama mtu. Nilivimba kichwa, nakiri.

Kisha Absalom akaniarifu kwamba ameshatuma picha kwao Kimilili na kaka mtu anatafuta basi. Basi la nini? Nikainama kwenye kitabu. Mstari wa kwanza ulisema, Lala salama, Mama Chapo. Nikainua macho. Mawingu. Njiwa. Mwaka na kistari. Maua. Kiti kitupu.

Ngai! Nimemzika mwanamke ninayempenda. Nikampigia simu. Mteja hapatikani.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Jana sikuweza kumaliza.

Alifika saa tisa kamili, rinda la buluu, mfuko wa unga begani. Akina mama walipiga nduru. Mmoja aliingia chini ya meza pamoja na maua. Absalom alimkumbatia, akamshika masikio yote mawili kuhakikisha, kisha akaanza kumgombeza kwa kufa bila kuaga. Nafuna akauliza ni nani amefanya mambo haya. Vidole vyote vikanielekea, na cha Calvince kikiwemo.

Nilingoja mfuko wa unga utue kichwani pangu. Akauweka chini polepole. Akaitazama picha muda mrefu. Halafu akafungua kitabu, akakisoma kwa kusimama, ukurasa baada ya ukurasa. Muigai aliandika kwamba mtoto wake alipolazwa, Nafuna alipeleka chakula wodini kila siku bila kuombwa. Calvince naye, adui yangu, aliandika kwamba mwaka wake wa kwanza hakujua mtu huku, na mama huyu alimuuliza kila asubuhi kama amempigia mama yake simu. Kwa hivyo akawa anapiga.

Nafuna akajifuta macho. Akasema ameketi Kiuu miaka kumi na mmoja akidhani siku meza yake ikiondoka, watu watahamia meza ya pili bila kugeuza shingo. Ndiyo maana alikubali Kimilili. Mimi ningegeuza shingo! Ningevunjika shingo!

Akafika mwisho wa kitabu. Akauliza maneno yangu yako wapi. Nikaonyesha ukuta. Akasema hayo ni mawingu. Akafunga kitabu, akanigeukia, akasubiri. Ukumbi mzima ulisubiri. Nafungua mdomo, mimi niliyesikiliza tanzia mia nne, na kikatoka hiki: "Marehemu alikuwa..."

Alicheka hadi akashika meza. Kicheko kilekile cha kwenye picha. Kisha akasema kaka yake angoje, yeye anabaki hadi mwisho wa Oktoba. Akanisogelea, sauti ya chini. "Lakini Baba Kui, kama uko na neno, niambie na mdomo. Si na ukuta." Nikaapa mbele ya njiwa wote wawili.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Jumatatu nilikwenda mezani kwake nimejiandaa. Nikafungua mdomo. Nikaomba chapati. Alinipa tatu, akasubiri. Jana nikaomba nne. Leo tano. Suruali imeanza kulalamika.

Ananingoja, naliona. Kila asubuhi anapunguza moto ili anisikie vizuri. Nampenda hadi naogopa.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Nimepata mpango!

Mama yake anafika kesho kutoka Kimilili, kuhakikisha kwa macho yake kwamba binti yu hai. Jumapili wataketi benchi la mbele kanisani. Nami nimekwenda kwa Mchungaji Oluoch, tumepanga. Baada ya sadaka atasimama, atamtaja Nafuna kwa majina yake yote mbele ya waumini, kisha atatangaza kwamba kuna mtu wa Kiuu anayempenda na anataka kumwoa. Mchungaji aliuliza kama nimezungumza na mwenyewe. Nikamwambia tumeelewana kabisa, ila tafadhali asimdokezee, iwe ya kushtukiza.

Nafuna alitaka neno lije kwa mdomo. Litakuja kwa mdomo, tena kwa kipaza sauti. Hakusema mdomo wa nani.