Uzinduzi wa Kituo cha Ndondi cha Nahashon

Mheshimiwa Mchungaji, wazee wa kanisa, madaktari, manesi na wote mnaosomea unesi, wageni mliotoka Oakdale hadi Inver Grove Heights, itifaki ikiwa imezingatiwa, nami Mwenyekiti wenu wa jumuiya yetu ya ughaibuni nikiwemo: bahati imeniandama tangu tumboni, maana katika Minnesota nzima ni jicho langu hili lililomwona Nahashon akipandisha kochi ngazini peke yake, nikatamka papo hapo, "Huyo ni bondia!" (Makofi. Mzee mmoja: "Jicho la mwewe!")

Tangu siku hiyo kijana alipanda ulingo wa ridhaa, akawalaza watu, na Jumamosi ijayo anaingia ngumi za kulipwa, uzito wa juu, jambo ambalo kwa mujibu wa takwimu za ofisi yangu limechangiwa na uongozi wangu kwa asilimia tisini na mbili, nane zilizobaki tukimwachia Mungu. (Kicheko. Nahashon anatazama glavu zilizo mapajani mwake.)

Ndiyo maana mimi mwenyewe nilimwelekeza aiache gym ya Kocha Leah kule Saint Paul, ahamie Center of Excellence yetu, yaani kituo cha umahiri, cha Apple Valley, yenye ulingo wa kimataifa, sauna na parking, ambayo leo tunaizindua kwa kukata utepe huu tuliofunga hapa kanisani kati ya viti viwili, kwa kuwa mlango wenyewe bado uko kwenye stakeholder engagement, yaani mashauriano na wadau. (Minong'ono. Kemunto, dadake Nahashon: "Mwenyekiti, tume-drive Apple Valley yote tangu asubuhi! Ni jengo gani?")

Dada yangu, miradi mikubwa huzinduliwa kwanza, ikajengwa baadaye; kwani kule nyumbani tumekata tepe ngapi porini? (Kicheko. Nahashon anasimama: "Mwenyekiti, tangu nihame sijapiga hata mfuko wa mazoezi. Jumamosi nani atasimama kwenye kona yangu?")

Mimi... nitasimama kwa maombi. ("Aaah!") Basi, basi. Kocha Leah, nakuona hapo nyuma. Utampokea? (Kocha Leah: "Kabati lake sijampa mtu. Aje kesho alfajiri. Na wewe uje, ushike ndoo ya kutemea mate.")

Nitaishika! Nahashon juu! (Juu!) Ndondi juu! (Juu!) Mwenyekiti je? (Kimya.)

Asanteni kwa kuhudhuria uzinduzi wa kituo ambacho hakipo. Nilichokiita kituo ni gereji yangu, nayo imejaa friza na mashine ya kuondolea theluji. Keki ni ya kweli, kaleni. Na lile kochi lilikuwa la Leah, yeye ndiye aliyemwona. Mimi siku hiyo hata sikuwepo. Nilidanganya.